Johann Heinrich Lambert

Johann Heinrich Lambert (Agosti 1728 – 25 Septemba 1777) alikuwa mwanahisabati, mwanafizikia, mwanaastronomia na mwanafalsafa aliyezaliwa mjini Mulhouse, ambao wakati ule ulikuwa mji huru wenye mapatano na Uswisi na leo uko Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwamba pi ni namba isiyowiana na kwa kubuni projeksheni za ramani ambazo bado zinatumika kote duniani.

Maisha

Lambert alizaliwa katika familia maskini ya fundi cherehani. Akiwa na umri wa miaka 12 ilimbidi aache shule ili amsaidie baba yake kushona. Aliendelea kujisomea usiku, na hakuwahi kusoma chuo kikuu. Baadaye alipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha chuma, kisha akawa katibu wa mhariri wa gazeti mjini Basel.

Mwaka 1748 alikwenda Chur kuwa mwalimu wa nyumbani wa watoto wa familia ya von Salis. Maktaba kubwa ya familia hiyo ilimpa nafasi ya kusoma hisabati, astronomia na falsafa. Kuanzia mwaka 1756 alisafiri na wanafunzi wake katika nchi mbalimbali za Ulaya na kukutana na wataalamu wa wakati wake.

Mwaka 1764 alifika Berlin. Mfalme Federiki II wa Prussia hakupendezwa mwanzoni na mavazi na mwenendo wake, lakini mwaka 1765 alimkubali katika Akademia ya Sayansi. Lambert alifanya kazi huko hadi alipofariki kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 49.

Kazi

Katika kitabu chake Photometria (1760) alieleza namna ya kupima mwanga na jinsi unavyofifia unapopita ndani ya kitu. Mwaka 1761 alitoa uthibitisho wake kuhusu pi, uliochapishwa mwaka 1768. Aliandikiana barua na mwanafalsafa Immanuel Kant.

Mwaka 1772 alichapisha utafiti juu ya uchoraji wa ramani za nchi na za anga. Uso wa tufe hauwezi kulazwa kwenye karatasi bapa bila kupotoshwa: ramani inayotunza pembe hupoteza uwiano wa maeneo, na inayotunza maeneo hupotosha maumbo. Kabla yake projeksheni nyingi zilibuniwa mojamoja. Lambert alianza na sifa inayotakiwa kutunzwa, kisha akatafuta fomula yake.

Miongoni mwa projeksheni zake ni:

- ya koni inayotunza pembe, inayofaa nchi zilizotanuka toka mashariki hadi magharibi;
- ya Mercator iliyolazwa, ambapo silinda hugusa dunia kwenye mstari wa longitudo badala ya ikweta;
- ya duara inayotunza ukubwa wa maeneo.

Urithi

Lambert aliichukulia dunia kama tufe katika projeksheni ya Mercator iliyolazwa. Carl Friedrich Gauss aliiendeleza kwa umbo la duaradufu, na Louis Krüger akachapisha fomula zake kamili mwaka 1912. Mfumo wa UTM umejengwa juu ya kazi hiyo. Unaigawa dunia katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6. Tanzania imo katika kanda za 35, 36 na 37 Kusini. Dar es Salaam iko katika kanda ya 37.

Jina la Lambert limo pia ndani ya kompyuta. Hifadhidata za kijiografia kama PostGIS zina jedwali la mifumo ya majiranukta. Mfumo usiokuwemo, kwa mfano wa mgodi au wa mji fulani, unaweza kuongezwa kwa kuandika safu mpya yenye namba yake, projeksheni, longitudo ya kati, latitudo za msingi, namba zinazoongezwa kwenye majira na duaradufu inayotumika. Mara nyingi projeksheni inayochaguliwa ni mojawapo ya zile za mwaka 1772.

Kosa katika vipimo hivyo huhamisha mipaka. Ramani nyingi za Kenya na Tanzania zilitengenezwa kwa datumu ya Arc 1960, inayotumia duaradufu ya Clarke ya mwaka 1880. Majira yake yakisomwa kana kwamba ni ya WGS 84, inayotumiwa na GPS, kiwanja huonekana takriban mita 300 kutoka mahali pake halisi.

Kreta moja ya Mwezini, nyingine ya Mirihi na asteroidi 187 Lamberta zimepewa jina lake.