Mzee Eblé na Madaraja ya Berezina

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilipewa Historia kidato cha tano. Siku hiyo nafundisha anguko la Napoleon. Nikaeleza kwamba Wafaransa waliingia Urusi mwaka 1812, Moscow ikaungua, baridi ikawarudisha nyuma. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akataka kujua jeshi lililokimbia hivyo lilivukaje mito. Kusema kweli, sikujua. Nikamwambia hilo haliulizwi kwenye mtihani, tukaendelea.

Jibu lile lilinikera mwenyewe. Niliporudi chuoni nikazama maktaba, na humo nikakutana na Jean-Baptiste Eblé. Wafaransa wamechonga jina lake kwenye Arc de Triomphe kule Paris. Kwenye notisi zetu hayumo.

Eblé alizaliwa Desemba 1758 huko Lorraine, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa mizinga, na yeye aliandikishwa jeshini akiwa na miaka 9 tu. Enzi zile kijana asiye na ukoo mkubwa alipanda vyeo kwa kutambaa. Mapinduzi ya 1789 yakabadili mambo, na kufikia 1793 alikuwa jenerali. Napoleon alipoivamia Urusi, wajenzi wa madaraja wa jeshi walikuwa chini ya mzee huyu.

Wakati wa kurudi, farasi walikuwa wanakufa kila siku. Jeshi lilipofika Orsha mwezi Novemba, Napoleon akaamuru mashua za kujengea madaraja zichomwe, ili farasi waliobaki wavute mizinga. Mashua zikachomwa. Lakini Eblé alibakiza tanuri mbili za wahunzi, magari mawili ya mkaa na magari sita ya zana. Tena tangu Smolensk kila mjenzi wake alikuwa amebeba chombo kimoja cha kazi na misumari mikubwa. Yaani mtu ana njaa, anatembea kwenye theluji, na bado mgongoni ana misumari ya mto ambao hajauona.

Mto huo ukawa Berezina, ulioko Belarus ya leo. Warusi walikuwa wameliteketeza daraja la Borisov, na majeshi yao yalikuwa pande zote mbili za mto. Halafu hali ya hewa nayo ikageuka: baridi ilipungua kidogo, barafu ambayo watu wangepita juu yake ikameguka. Ukabaki mto wa upana wa mita kama 100, matope chini, mapande ya barafu yanaelea juu.

Asubuhi ya Novemba 26, kazi ilianza kwenye kijiji cha Studzianka. Nyumba za wanakijiji zilibomolewa kupata mbao. Wahunzi wakafua vyuma kwenye zile tanuri. Wajenzi kama 400, wakiwemo Waholanzi, wakaingia majini mpaka kifuani, wakisimamisha fremu za miguu ya mbao huku wakisukuma barafu kwa mikono. Eblé, mwenye miaka 53, akaingia nao. Saa saba mchana daraja la askari wa miguu lilikuwa tayari. Saa kumi jioni la pili, la mizinga na magari, nalo likakamilika.

La pili lilivunjika mara tatu, na kila mara watu walewale walirudi majini, nyingine usiku wa manane. Makumi ya maelfu walivuka. Wajenzi wenyewe ni wachache sana waliorudi makwao.

Sehemu inayoniuma ni ya mwisho. Usiku wa Novemba 28 kuamkia 29, madaraja yalikuwa karibu matupu. Ng'ambo walibaki maelfu ya watu: wagonjwa, askari waliopoteza vikosi vyao, wanawake na watoto waliofuatana na jeshi. Eblé aliwabembeleza wavuke. Wengi walikuwa wamechoka mno, wakang'ang'ania moto wao, wakingoja asubuhi. Amri ilikuwa kuchoma madaraja saa moja asubuhi ili Warusi wasipite. Akavuta muda hadi saa mbili na nusu hivi. Kisha akayachoma. Waliobaki wakakimbilia motoni na majini.

Nimejaribu kumlaumu nikashindwa, na kumsifu moja kwa moja pia nimeshindwa. Amri ya Orsha aliitekeleza lakini akabakiza njia ya kuokolea watu. Ya Studzianka aliichelewesha kadiri alivyoweza, halafu akaitii. Kati ya hizo mbili ndimo alimoishi mtu huyu, na hakuishi sana. Alifia Königsberg Desemba 31, 1812, mwezi mmoja tu baada ya mto ule. Mwanzoni mwa Januari Napoleon alimteua kuwa mkaguzi mkuu wa mizinga, na mwenyewe alikuwa ameshazikwa.

Sisi tunaosomea ualimu tumezoea kusema baridi ilimshinda Napoleon, basi, tunafuta ubao. Yule mwanafunzi sasa yuko kidato cha sita. Makala hii nitampelekea, na nitamwambia kwamba siku ile sikujua.