Mnyampala: Mgogo aliyezipa shule ngonjera

WANAFUNZI wa shule ya msingi wanaposimama mbele ya mgeni rasmi, mmoja akiuliza kwa shairi na mwenzake akimjibu kwa vina, ni wachache wanaokumbuka jina la mtu aliyeufanya mtindo huo uwe mali ya shule nchini. Mtu huyo ni Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo.

Mnyampala alizaliwa Dodoma mwaka 1917, mwaka mmoja baada ya majeshi ya upande wa Uingereza kuuteka mji huo kutoka kwa Wajerumani. Miaka yake ya mwanzo iliangukia katika njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyoua watu wengi na kuwatawanya wengine.

Alikulia mbali na Lamu na Mombasa, chimbuko la tenzi za kale, na Kigogo ndicho kilichotawala majumbani. Hata hivyo, alikichukua Kiswahili akakifanya chombo chake. Alipata kuwa liwali na hakimu, na mwaka 1954 kikachapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Akiwa Mkatoliki, alitunga pia Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, akithibitisha kwamba ushairi wa Kiswahili haukuwa wa watu wa pwani peke yao.

Lakini lililomfikisha madarasani ni ngonjera. Katika utungo huo wahusika wawili au zaidi hubishana ubeti kwa ubeti. Mmoja hupinga au hajui, mwingine huelimisha, na mwishowe hupatana. Malumbano ya kishairi yalikuwapo tangu zamani, ila Mnyampala ndiye anayetajwa kuwa muasisi wa ngonjera kama sanaa ya jukwaani.

Kwa mtoto anayejifunza kusoma, huo ulikuwa mchezo wenye faida. Kusoma Kiswahili huanza na silabi, na mizani ya shairi ni hesabu ya silabi hizo hizo, kwa kawaida nane kila upande wa mshororo. Mtoto husoma sehemu yake, huikariri, husikiliza kituo cha mwenzake na kungoja zamu yake. Anayekosea mizani husikika mara moja.

Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ngonjera zilienea kwa kasi kupitia chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA), ambacho Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Baadhi ya wahakiki walizilaumu baadaye kwamba ziligeuka kuwa hotuba za siasa zilizotiwa vina, na watoto wakawa kasuku. Lawama hiyo ina uzito, kwani mtoto anayekariri bila kuelewa hajasoma.

Mnyampala hakuwapo kujibu. Alifariki dunia mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 50 na ushei. Ngonjera za UKUTA, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka 1970 na cha pili mwaka 1971. Wala hakuuona uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi katika Dodoma yake.

Alichokiacha kingali kinasikika katika mahafali ya shule, ingawa watoto wanaoghani mara nyingi hawamjui.