Kasri Lisilobomoka

Mwishoni mwa juma moja, kundi letu la walimu lilizuru makasri ya wafalme wa Ufaransa, kandokando ya bonde la mto Loire. François wa Kwanza, aliyetawazwa mwaka wa 1515, alianza kujenga Chambord mwaka wa 1519. Alishindwa vitani na kutekwa mjini Pavia mwaka wa 1525, akafariki 1547. Katika kasri hilo la fahari alilala majuma machache tu!

Hata hivyo, amri yake ya 1539 iliagiza hati za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa, si Kilatini. Jengo hilo lingali na wakaazi.

Katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Je, hukumu zetu zitaandikwa kwa Kiswahili lini?