Gor Mahia: Mtu na Nasaba Yake

Mashabiki wa kandanda wanapolitaja jina la K'Ogalo uwanjani, wengi wao hawatambui kwamba wanamtaja babu wa mtu. Klabu ya Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilirithi jina la mtawala na mganga wa Kanyamwa, eneo la Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay ya leo. Wazee humwita Gor wuod Ogada nyakwar Ogalo, yaani Gor mwana wa Ogada, mjukuu wa Ogalo. Mahia ni lakabu tu, na maana yake ni maajabu. Makala haya yanakusudia kumtazama Gor kupitia nasaba yake.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo iliyotukutanisha katika kurasa hizi. Wuod hufanya kazi ileile ya bin katika majina ya Waswahili, na nyar hulingana na binti. Kiambishi ka-, ambacho hupoteza irabu yake kikitangulia irabu nyingine, huonyesha kwao mtu. Kwa hiyo K'Ogalo ni watu wa nyumba ya Ogalo. Waungwana wa Wales nao walitajwa kwa neno ap, mwana wa, kizazi baada ya kizazi, na washairi ndio waliozihifadhi nasaba zao. Baadaye ap Hywel likagandamana likawa Powell, na ap Rhys likawa Price. K'Ogalo limegandamana vivyo hivyo, ila kwa sababu ya mpira.

Kwa mujibu wa masimulizi ya Waluo wa kusini, watu wa Kanyamwa ni wa kizazi cha Chwanya, pamoja na wa Karachuonyo na Kanyada, na wa Kadem walioko Migori. Hivyo mpaka wa kaunti hizi mbili umekatiza ndani ya familia moja. Mtu wa Ndhiwa na mtu wa Macalder, wakihesabu kwenda juu, wanaweza kukutana kwa babu mmoja.

Hesabu hii haikuwa ya fahari tu. Nasaba ndiyo iliyokuwa hati ya ardhi. Aliyeweza kumfikia mwanzilishi wa ukoo kwa upande wa baba alikuwa mwenye ardhi. Asiyeweza alikuwa jadak, mkaaji kwa hisani, hata kama amelima hapo maisha yake yote. Jina moja likirukwa, shamba laweza kupotea. Mtafiti anayekusanya nasaba sharti akumbuke kwamba anayemsimulia ana jambo la kulinda.

Gor alitawala kwa mihimili miwili: ukoo na bilo, yaani dawa. Ruoth asiye na ukoo hakutiiwa, na asiye na dawa, au mtu wa dawa karibu naye, hakuogopwa. Baadhi ya masimulizi humpa Gor umri wa zaidi ya miaka mia moja, hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mwandishi wa makala haya ana shaka. Ni jambo la kawaida katika nasaba za mdomo sifa za watu wawili kukusanywa kwa mmoja aliyevuma zaidi, na huenda ndivyo ilivyokuwa hapa.

Waingereza walifungua kituo Karungu, kando ya ziwa katika Migori ya leo, kabla ya kuhamia Kisii mwaka 1907. Ndipo hadithi za Gor zinapokolea. Husimuliwa kwamba walipomtafuta walimkuta mzee, mara mtoto, mara mwanamke, na Gor hawakumwona. Msikilizaji wa haraka huona uchawi. Lakini hadithi hii yaweza pia kusomwa kama habari ya watu ambao hawakutaka kiongozi wao apatikane.

Mwaka 1953 Shadrack Malo alichapisha kwa Kijaluo kitabu kuhusu koo za Nyanza ya Kati. Koo za kusini hazikuwa lengo lake, na nasaba ya Gor iliendelea kutegemea vinywa vya wazee. Mwaka 1987 klabu ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, na jina likavuka mipaka. Jina rasmi lilimbeba Gor, na lakabu ya klabu ikambeba Ogalo. Ogada, baba mtu, ndiye aliyerukwa.