Naismith hakutaka mlinzi akae nje
WALINZI wanaogombea dakika za kucheza katika timu za mpira wa vikapu huko Kapsokwony wangemtamani mwalimu kama marehemu James Naismith. Mzaliwa huyo wa Canada (1861), yatima tangu utotoni, alibuni mchezo huo Desemba 1891 chuoni Springfield, Marekani. Darasa lake lilikuwa na wanafunzi 18. Akawagawa tisa kwa tisa, walinzi watatu kila upande, pasiwe na wa kutazama tu. Lilifungwa bao moja pekee!

Mwaka 1897 timu zikawa za watu watano, wengine wakasalia benchini. Tena kwa miaka mingi aliyetolewa hakurejea uwanjani. Naismith, ambaye akiwa kocha wa Chuo Kikuu cha Kansas alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, aliaga dunia 1939. Vyuo viliruhusu wachezaji kutoka na kurudi bila kikomo mwaka 1944.