Tom Rolt, mtu aliyekataa reli ya Talyllyn iuzwe chuma chakavu

Ukienda Makumbusho ya Reli jijini Nairobi utavikuta vichwa vya treni vya mvuke vimesimama uani, vimepoa. Watoto wanapanda pale alipokaa dereva, wanapigwa picha, wanashuka. Huko Wales, upande wa magharibi wa Uingereza, kuna vichwa vikongwe kuliko hivyo ambavyo mpaka leo vinachemsha maji na kuvuta abiria. Katika makala haya tunamwangalia mtu aliyefanya hilo liwezekane: Lionel Thomas Caswall Rolt, maarufu kama Tom Rolt.

Alizaliwa mjini Chester tarehe 11 Februari 1910. Shule haikumkalia sana moyoni. Akiwa na miaka 16 aliiacha akaenda kujifunza ufundi, na muda si mrefu akaingia kiwanda cha Kerr Stuart huko Stoke-on-Trent, kilichokuwa kikiunda vichwa vya treni. Jamaa yake, Kyrle Willans, alikuwa mhandisi hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kiwanda hicho kiliunda kichwa cha dizeli, wakati ambapo wenye reli wengi wa Uingereza hawakutaka hata kuisikia dizeli, kikajaribiwa kwenye reli nyembamba ya Wales. Kwa hiyo kijana huyu aliyependa mvuke kuliko kitu kingine aliiona mapema mashine ambayo ingekuja kuuondoa mvuke kazini. Mwaka 1930 kiwanda kilifungwa, naye akajikuta mtaani kama wenzake.

Mwaka 1939 alimwoa Angela Orred, wakahamia kuishi ndani ya Cressy, boti nyembamba ya mizigo, wakizunguka kwenye mifereji iliyokuwa ikifa kwa kukosa matunzo. Kitabu chake kuhusu safari hizo, Narrow Boat, kilitoka mwaka 1944 na kikapendwa sana. Miaka miwili baadaye alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha kutetea mifereji. Huko aligombana na mwenzake Robert Aickman mpaka akatolewa chamani.

Reli ya Talyllyn ilijengwa miaka ya 1860 kusomba mawe ya kuezekea kutoka machimbo ya Bryn Eglwys hadi mji wa Tywyn, pwani. Ni njia ya kilomita zisizofika 12, na nafasi kati ya chuma na chuma ni milimita 686 tu; ile ya zamani ya Mombasa hadi Uganda ina mita moja kamili. Serikali ilipotaifisha reli mwaka 1948, hii iliachwa nje. Machimbo yalikuwa yamefungwa, na mwenye mali, Sir Haydn Jones, aliiendesha kwa hasara kwa sababu alikuwa ameahidi itaenda maadamu yeye yu hai. Alifariki Julai 1950.

Wanunuzi wa chuma chakavu wasingekawia. Rolt na marafiki zake wakaitisha mkutano katika hoteli moja ya Birmingham tarehe 11 Oktoba mwaka huohuo. Walikuja watu wapatao 70, wakaamua kuichukua reli na kuiendesha kwa kujitolea. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wapenzi wa treni walikuwa wamewahi kufanya hivyo.

Treni yao ya kwanza iliondoka Tywyn tarehe 14 Mei 1951, Rolt akiwa meneja mkuu. Kichwa kilichoweza kufanya kazi kilikuwa kimoja tu, Dolgoch, cha mwaka 1866. Mataruma yalikuwa yameoza, na majani yaliyoota katikati ya njia ndiyo yaliyosaidia kuzishika reli zisihame! Walinunua vichwa viwili vya reli jirani ya Corris iliyokwisha kufungwa, kwa pauni 25 kila kimoja. Cha kwanza kilipowekwa njiani, magurudumu yake yakatumbukia katikati kwa sababu reli zilikuwa zimetanuka. Cha pili kilihitaji matengenezo makubwa. Nacho kilikuwa kimeundwa mwaka 1921 na Kerr Stuart, kiwanda kilekile alichojifunzia kazi.

Kwa hiyo msimu mzima uliitegemea Dolgoch, yenye miaka 85 na boila iliyochoka. Ingezimika, mradi wote ungezimika nayo, pamoja na jina lake. Haikuzimika. Lakini nyumbani mambo yalikuwa yameharibika: mwaka huohuo ndoa yake ilivunjika, Angela akaenda kujiunga na sarakasi.

Rolt alikaa meneja misimu miwili, kisha akarudi kwenye kalamu. Aliandika Railway Adventure kuhusu reli hiyo, na baadaye maisha ya wahandisi Brunel, Telford na akina Stephenson. Binafsi naona kitabu chake cha ajali za treni, Red for Danger, kingefaa kusomwa na yeyote anayeongoza usafiri wa abiria, hata wa mabasi.

Alioa tena, akamwoa Sonia Smith, akafariki tarehe 9 Mei 1974. Leo Uingereza ina reli nyingi za kitalii zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, mvuke na dizeli kuukuu zikipishana stesheni moja. Talyllyn yenyewe iliingiza kazini kichwa kipya mwaka 1991, kilichoundwa upya kutokana na mashine iliyowahi kufanya kazi Ireland. Ni namba 7, na ubavuni kimeandikwa Tom Rolt.