Johannes Kepler na Miezi ya Mshtarii

Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571 huko Weil der Stadt, katika Ujerumani. Alisoma Tübingen ili awe mchungaji, lakini mwaka 1594 alitumwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka 1600 alifukuzwa huko kwa kuishika imani ya Kilutheri.

Mwaka 1610 Galileo aliona miezi minne ikiizunguka sayari ya Mshtarii, yaani Jupita. Wengi hawakusadiki. Kepler akaazima darubini, akaiona mwenyewe, akaishuhudia.

Mwaka 1612, huko Linz, Walutheri wenzake walimnyima Meza ya Bwana, maana hakukubali kutia sahihi Kanuni ya Mapatano pasipo kusaza neno. Hata hivyo hakuliacha kanisa, wala hakuiacha kazi yake. Akatambua ya kuwa miezi ile hufuata kanuni ile ile ya sayari: ulio karibu huenda mbio, ulio mbali huenda polepole. Wa ndani huzunguka kwa siku 2 kasoro kidogo. Wa nje kwa siku 17 hivi. Alifariki mwaka 1630.

Basi sisi wa Mang'ula, tuuonapo mwezi ukizama nyuma ya milima ya Udzungwa, tumkumbuke mtu huyu, aliyefungiwa mlango asiache kuitafuta kweli.